Nyumba mbili, hati moja



Katika ziara zetu parokiani tunaulizwa mara kwa mara: nyumba mbili zilizojengwa kwa kushikana katika kiwanja kimoja, kisheria ni mali ngapi? Wengi hujibu ni mbili, maana kila moja ina mlango wake, mita yake ya umeme na familia yake. Kwa sheria za Tanzania jibu ni tofauti, na parokia moja tunayoshirikiana nayo ililijua kwa uchungu.

Parokia hiyo iliwajengea wajane wawili nyumba pacha: ukuta wa kati mmoja, paa moja, choo na kisima cha pamoja. Siku ya makabidhiano kila mama alipewa ufunguo na barua ya kamati isemayo kwamba nyumba ni yake. Mama mmoja alipofariki, shemeji yake alileta barua ile akitaka kuuza upande wa marehemu, na watoto wa marehemu wamo ndani. Kamati ilipofungua faili ilikuta hati moja tu, ya kiwanja kizima, kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 huhesabu majengo ya kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Nyumba hufuata kiwanja. Ukuta wa kati haugawi mali, wala mita haigawi. Kinachogawa ni mipaka iliyopimwa na hati iliyosajiliwa. Kamati ya parokia haiwezi kutoa kilicho cha Wadhamini. Hivyo barua ile haikumpa shemeji cha kuuza, lakini pia (na hili ndilo lililotuuma) haikuwa imempa marehemu umiliki wa kuwaachia wanawe.

Nini kingefanyika? Kiwanja kingeweza kugawanywa, mpaka ukapita katikati ya ukuta na kila upande ukapata hati yake. Hilo huhitaji mpima na idhini ya mamlaka ya mipangomiji, na viwanja vingi vya parokia ni vidogo mno. Halafu choo kibaki kwa nani?

Akina mama wangeweza pia kuandikwa wote katika hati moja. Hapo kuna aina mbili za umiliki ambazo watu huzichanganya. Katika ile ya kwanza, mmoja akifariki mali yote hubaki kwa aliye hai. Katika ya pili kila mmoja ana hisa yake, na hisa hiyo huenda kwa warithi wake. Kwa wajane wasio ndugu, wenye watoto, ya kwanza ingekuwa hatari.

Njia ya tatu ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya 2008, iliyoleta kile ambacho wengi huita hati pacha. Watu hudhani ni ya maghorofa ya mjini tu, kumbe hugusa pia majengo yaliyogawanywa kwa namna nyingine. Kila mwenye sehemu hupata hati ya sehemu yake, na uwanja, choo na kisima huwa mali ya pamoja chini ya umoja wa wamiliki.

Pale ambapo jimbo halikusudii kutoa ardhi yake, tunaona ni uungwana zaidi kusema hivyo mapema. Wadhamini wabaki na hati, na kila familia ipewe mkataba wa upangaji wa maandishi, unaotaja nani ataendelea kukaa mama akifariki. Ndivyo ilivyofanyika hatimaye parokiani pale: mkataba uliandikwa kwa jina la bibi anayewalea watoto, nao wamo ndani hadi leo.

Kwa maombi yajayo ya ujenzi, tafadhali ambatanisheni nakala ya hati na mchoro wa kiwanja, na muweke gharama za upimaji na usajili ndani ya bajeti. Wafadhili wetu, fungu hilo msilikate.