Kadi mpya ya Sh50,000, kompyuta yasema haipo: Siku nne za kusaka kosa Eldoret

Ilikuwa saa tano usiku, Alhamisi, chumbani kwangu Kimumu, Eldoret. Niliandika mstari mmoja kwenye kompyuta kuiuliza programu kama imeiona kadi ya grafiki niliyonunua mjini mchana huo. Jibu likaja kwa neno moja: False. Yaani hakuna kadi.

Nikauliza tena. False.

Kadi yenyewe ilikuwa mbele ya macho yangu, imekaa imara kwenye sloti yake. NVIDIA GeForce RTX 5060, mpya kabisa, Sh50,000. Kati ya hizo, Sh36,000 zilikuwa jasho la mwaka mzima: kuchapia watu kazi, kuweka Windows kwenye laptopu za wanafunzi wenzangu na kuchora mabango ya harusi. Sh14,000 zilizobaki zilitoka kwa mama, aliyeuza magunia manne ya mahindi kabla bei haijapanda ili nisikwame.

Nilikuwa nimemwambia kuwa hiyo kadi ndiyo itanimalizia mradi wa mwaka wa mwisho. Wiki tatu baadaye nilitakiwa kusimama mbele ya wahadhiri.

Mradi wangu ni modeli ya kompyuta inayotazama picha ya jani la mahindi na kusema lina ugonjwa gani. Wazo hili si geni Afrika Mashariki. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa ushirikiano na FAO na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, ambayo hutambua magonjwa ya mihogo na uharibifu wa viwavijeshi kwenye mahindi. Kwetu Uasin Gishu, ambako mahindi ndiyo karo ya shule, jambo hili linamgusa kila mtu. Wakulima wa hapa hawajausahau ugonjwa wa MLN, ulioripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza Bomet mwaka 2011.

Kufunza modeli kama hiyo kunahitaji hesabu nyingi ndogondogo zinazofanywa kwa mpigo. Prosesa ya kawaida ina viini vichache vyenye kasi, lakini RTX 5060 ina viini 3,840 vinavyopiga hesabu pamoja. Kwa prosesa yangu, kupitia picha zote mara moja kulikuwa kunakula saa nne, na nilihitaji kuzipitia mara 30. Hiyo ni siku tano mfululizo bila stima kupotea. Anayeishi Kimumu anajua hiyo ni ndoto.

“Hiyo ni feki, bro”

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuja, akaitazama skrini, akatikisa kichwa. “Hiyo ni feki, bro. Umeuziwa mbuzi kwa gunia.”

Kadi feki zipo kweli. Kuna walaghai wanaochukua kadi ya zamani, wakaibadilishia taarifa za ndani ili ijitambulishe kama mpya, kisha wakaiuza kwa bei ya juu. Lakini jambo moja lilinitatiza. Jioni ile ile nilikuwa nimecheza gemu ya mpira kwa saa nzima, na picha zilikuwa laini kama maji. Gemu imeiona kadi, mbona programu ya hesabu isiione?

Hasira haingoji jibu. Ijumaa asubuhi nilimpigia muuzaji simu nikamwambia ameniuzia takataka. Aliniuliza kwa upole, “Boss, gemu inacheza?” Nikasema ndiyo. “Basi kadi iko sawa. Angalia software yako.” Nikamkatia simu.

Siku hiyo nikatazama video moja ya zamani, nikafuata kila kitu bila kufikiri, nikapakua gigabaiti kadhaa za vifaa vya CUDA. CUDA ni mfumo uliotolewa na NVIDIA mwaka 2007 unaoziwezesha programu kutumia kadi zake kwa hesabu, si kwa picha pekee. Bando ikaisha. Nikajaribu tena usiku. False.

Jumamosi nikabeba kompyuta mgongoni hadi mjini, kwa fundi mmoja karibu na Uganda Road. Akaitazama dakika mbili. “Hii inataka kuflashiwa. Leta tatu.” Alitaka Sh3,000 aandike upya programu ndogo iliyo ndani ya kadi. Nilikuwa na Sh1,800. Nikamwambia nitarudi.

Leo namshukuru Mungu kwa ule ufukara. Kuandika upya programu ya ndani ya kadi ambayo haina shida ni njia ya haraka ya kuiua. Faili ikiwa si yake, au stima ikipotea katikati ya kazi, waweza kubaki na kipande cha chuma. Muuzaji naye ana haki ya kukuambia waranti imekufa.

Nani yuko mbele kwa foleni?

Aliyeniokoa ni dada mmoja aliyenitangulia chuoni, ambaye siku hizi kazi yake ni data. Nilimtumia ujumbe nikiwa ndani ya matatu ya kurudi Kimumu. Hakuniuliza kadi ni aina gani. Aliuliza, “Nani amekuambia kadi haionekani?”

“Programu.”

“Programu ndiyo ya mwisho kwa foleni. Anza na wa kwanza. Na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja.”

Kati ya kadi na programu kuna wapokezanaji kadhaa. Kwanza ni chuma chenyewe: sloti na umeme. Pili ni mfumo wa kompyuta, iwe Windows au Ubuntu. Tatu ni draiva, yaani programu inayowasiliana na kadi. Nne ni maktaba za hesabu kama CUDA. Mwisho ndiyo programu unayotumia. Mmoja akikatika, wa mwisho atasema “hakuna kadi” hata kama tatizo haliko kwa kadi. Kwa hivyo muulize kila mmoja kwa zamu, kuanzia chini.

Nikaanza na chuma. RTX 5060 hula hadi wati 145, na NVIDIA hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Kadi nyingi za aina hii huhitaji waya wake wa umeme wenye pini nane, sloti pekee haitoshi. Kama umenunua kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, zile zinazouzwa kila kona, fungua kifuniko uhakikishe una waya huo kabla ya kutoa pesa. Angalia pia mahali ulipochomeka skrini. Wengi huweka kadi mpya, kisha wakaacha waya wa skrini kwenye tundu la zamani la bodi kuu. Yangu yote yalikuwa sawa.

Nikapanda hadi Windows. Ukifungua Device Manager, sehemu ya Display adapters, jina la kadi lapaswa kuwepo. Ukiona maneno Microsoft Basic Display Adapter, Windows imekiona chuma lakini haina draiva yake. Mimi niliona jina kamili, RTX 5060. Hapo pia nikaitumia GPU-Z, programu ya bure inayosoma kadi na kukuonya ikishuku ni ya kughushi. Haikuonya chochote. Yule muuzaji alikuwa mkweli.

Ngazi ya tatu ni draiva. Fungua dirisha la amri, andika nvidia-smi. Likikuletea jedwali lenye jina la kadi, joto lake na kumbukumbu yake, draiva iko kazini. Jedwali lilikuja.

Hapo ndipo nilipogundua kosa la Ijumaa. Juu ya jedwali hilo kuna maandishi ya CUDA Version na namba. Kwangu ilikuwa 13.0. Nilidhani ndiyo CUDA niliyo nayo, na kwamba lazima nipakue inayolingana. Kumbe namba hiyo inasema draiva yako inaweza kufika hadi toleo gani. Na PyTorch, programu ninayotumia kufunza modeli, huja na maktaba zake za CUDA ndani yake. Zile gigabaiti za Ijumaa zilikuwa bando ya bure kwa shetani.

Basi kosa lilikuwa juu kabisa. Niliiuliza PyTorch toleo lake, nalo likaishia na herufi tatu: +cpu. Hivyo tu. Kwenye Windows, ukiisakinisha PyTorch kwa amri fupi ya kawaida, unapewa toleo la prosesa pekee. Halikuikosa kadi. Halikutengenezwa kuitafuta.

True, lakini bado

Nikaliondoa toleo hilo, nikanakili amri kutoka kwa ile video ya zamani, nikapakua zaidi ya gigabaiti mbili kwa bando ya kukopa. Saa saba usiku nikauliza tena. True! Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Furaha ilidumu dakika moja. Nilipoanza kufunza modeli, programu ilianguka ikilalamika kwa maneno no kernel image is available. Juu yake kulikuwa na onyo refu lenye sm_120, ambalo nilikuwa nimelipuuza.

Jumapili dada yule akanieleza. NVIDIA huvipa vizazi vya kadi zake namba. Kadi nyingi za RTX 30 ni 8.6, za RTX 40 ni 8.9, na za RTX 50 ni 12.0, ambayo ndiyo hiyo sm_120. PyTorch hubeba maagizo yaliyotayarishwa mapema kwa kila kizazi. Toleo la ile video lilitoka kabla kadi yangu haijazaliwa, kwa hivyo liliiona kadi lakini halikuwa na maagizo ya kuipa. Gari liko stejini, dereva yuko kwa usukani, lakini hajui njia ya mtaa mpya.

Dawa ilikuwa kuingia kwenye tovuti ya PyTorch yenyewe, kuchagua mfumo wangu na CUDA 12.8, kisha kunakili amri ya siku hiyo. PyTorch 2.7, iliyotoka Aprili 2025, ndiyo toleo la kwanza thabiti kuzitambua kadi hizi. Nikapakua tena. Jumapili saa nne usiku, modeli ikaanza kujifunza. Mzunguko uliokuwa ukichukua saa nne ulimalizika kwa dakika tisa.

Kama yako si kama yangu

Ukitumia Ubuntu, amri ya lspci itakuonyesha kama chuma kimeonekana. Ikiwa kimeonekana lakini nvidia-smi inakataa, chunguza Secure Boot, ulinzi unaoweza kuizuia draiva isiyo na sahihi. Kwa kadi za RTX 50, chagua draiva ambayo jina lake linaishia na open, kwa sababu ile nyingine haizitambui.

Wachoraji wa Blender, mkitumia injini ya Cycles, programu hiyo haitumii kadi kukokotoa picha hadi uichague mwenyewe: ingia Preferences, kisha System, utie alama kwenye kadi yako, halafu kwenye mchoro wenyewe uchague GPU. Wanaochangia sayansi kupitia BOINC wajue kuwa ikisakinishwa kama huduma ya Windows, haitaiona kadi. Na kama unapanga kununua AMD, kumbuka CUDA ni ya NVIDIA pekee. AMD ina mfumo wake, ROCm. Soma orodha ya kadi unazokubaliwa kutumia kabla hujalipa, si baada.

Jambo kubwa nililojifunza ni kuwa neno “haionekani” halitoshi. Haionekani na nani? Ukijua hilo, umejua kama utaenda dukani, kwa fundi, au utakaa hapo hapo kitini.

Jumatatu nilipitia kwa muuzaji kuomba msamaha. Alicheka. “Kila wiki napigiwa simu kama yako, boss. Wengine hurudisha kadi nzima nzima.” Akaniuliza ilikuwa nini, nikamweleza, akaandika CUDA 12.8 kwa kalamu kwenye boksi la kadi nyingine iliyokuwa rafuni.

Jioni mama akapiga simu. “Hiyo kitu ya kompyuta imeanza kufanya?”

“Imeanza, mama.”

“Sasa inaweza kujua mahindi yangu yana nini?”

Nikamwambia anitumie picha za majani, yenye afya na yenye madoa. Alituma kumi na moja. Modeli ilikosea mbili, na hizo mbili ndizo ninazozishughulikia wiki hii.