Usimuulize Mgonjwa Kama Ameelewa

Nafundisha wanafunzi wa famasia, na somo la dawa za saratani huwaanzishia kwa sifongo. Sisemi sifongo ya kuogea. Huyu ni mnyama wa baharini aliyejibanza kwenye mwamba, hana miguu ya kukimbilia wala gamba la kujifichia. Anayetaka kumla humkuta palepale. Kinga yake kubwa ni kemikali, na kemikali hizo ndizo zinazowavuta watafiti wa dawa hadi baharini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Werner Bergmann alichunguza sifongo aliyetolewa kwenye maji ya Florida, Marekani. Akakuta viambata vinavyofanana mno na vile vinavyojenga DNA, isipokuwa sukari yake ni nyingine. Wataalamu waliufuata mfano huo maabara wakatengeneza sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutibu saratani ya damu kwa watoto na wakubwa.

Seli ya saratani hugawanyika haraka, na kila inapogawanyika hulazimika kunakili DNA yake, kama mtu anayetunga shanga kwenye uzi. Sitarabini ni shanga inayofanana na zenzake kwa sura, ila ikishaingia, inayofuata haikai. Utungaji unakwama na seli inakufa.

Hayo wanafunzi huyashika upesi. Kazi ngumu huanza pale mtoto anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Dawa hii haichagui: hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa siku kadhaa mtoto anakuwa hana kinga, na homa ambayo kwa mwingine ingekuwa ya kawaida, kwake ni dharura. Mama asipojua jambo hilo moja, utafiti wote ule, tangu Florida hadi wodini, unaweza kupotea usiku mmoja.

Kwa hiyo tunafanya zoezi la mgonjwa wa kuigiza, njia ambayo daktari Howard Barrows aliianzisha Los Angeles mwaka 1963. Mtu mzima anakaa kitini kama mama wa mtoto. Mwanafunzi anaingia na koti lake jeupe, anamwaga maelezo marefu, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza cha darasani, kisha anauliza: “Umeelewa, mama?” “Nimeelewa, mwanangu.” Mama anainuka, na mwanafunzi anatabasamu akidhani kazi imekwisha.

Swali lile halina jibu jingine. Kwetu ni vigumu kumwambia mtaalamu kwamba hukumwelewa. Unaona kama unamvunjia heshima, tena nyuma yako kuna foleni. Ndiyo maana nawakataza wanafunzi wangu kuliuliza. Tunarudia zoezi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, nataka nijipime kama nimeeleza sawasawa. Usiku mtoto akichemka mwili, utafanya nini?”

“Nitampa panadol, nimkande na maji, asubuhi nije naye.”

Jibu hilo ni la mzazi mwenye akili na uzoefu. Hivyo ndivyo amewauguza wanawe wengine wakapona. Kwa mtoto huyu linaweza kuua. Mwanafunzi aliyesikia anajua sasa aseme nini: “Usingoje asubuhi, mama. Panadol itashusha joto, ugonjwa utabaki damuni. Mlete hospitali usiku huohuo. Usafiri wa usiku utaupata kwa nani?” Swali hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Halimo katika kitabu chochote cha dawa, lakini bila jibu lake maelezo yote hayafiki popote.

Maswali mengine huja yenyewe. Wagonjwa wa pwani wakisikia dawa imetokana na mnyama wa baharini, baadhi huuliza kama ni halali. Wana haki ya kupata jibu la kweli, bila kuchekwa. Eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, ilitokana na sifongo wa Japani, lakini ndani ya kichupa hamna sifongo hata chembe. Hutengenezwa kiwandani. Haikuwezekana vinginevyo: watafiti wa mwanzo walitumia kilo 600 za sifongo wakapata miligramu 12.5 tu za kiambata walichokitafuta.

Kusikiliza kunamhusu mwalimu pia. Baldomero Olivera, mwanasayansi kutoka Ufilipino, alikuwa akichunguza sumu ya konokono wa baharini wenye gamba la umbo la pia katika Chuo Kikuu cha Utah. Panya waliodungwa tumboni walipooza. Mwanafunzi wake, Craig Clark, akapendekeza sumu idungwe moja kwa moja kwenye ubongo. Aliruhusiwa ajaribu, na kila sehemu ya sumu ikaonyesha kazi yake: panya mmoja alilala, mwingine alijikuna, mwingine alitetemeka. Kijana mwingine, Michael McIntosh, aliyekuwa ametoka tu sekondari, alitenga kiambata kilichozaa zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa mwaka 2004, inayopelekwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo. Jamii ya konokono hao ipo hata katika miamba yetu, na baadhi wanaweza kuua mtu. Ukiliona gamba zuri la namna hiyo lina mnyama hai, usiliokote.

Wanaoijua miamba hiyo vizuri ni wavuvi na akina mama wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa, inataka ridhaa itafutwe kabla ya sampuli kuchukuliwa, na faida igawanywe kwa haki. Karatasi itasainiwa, lakini mtafiti anayefika ufukweni na chupa zake bila salamu hataambiwa ni sifongo yupi huwasha mikono, na huyo ndiye angefaa kuchunguzwa kwanza. Kwa hiyo naomba mazungumzo haya, ya mgonjwa na ya mvuvi, yatahiniwe kwa vitendo, kwa alama zilezile tunazotoa maabara, na anayeshindwa arudie kama anavyorudia kemia.