KOFIA YA KUPANDIA MILIMA



Likizo iko karibu, na wamoja wetu watapanda kwa miguu kwenda Minembwe. Hapa Baraka tuko karibu meta 800 juu ya bahari. Kule ni zaidi ya 2.000. Kila meta 1.000 joto linashuka karibu digri 6. Basi, usiku wa huku si usiku wa kule!

Watu wanasema nusu ya joto la mwili inatokea kichwani. Si kweli, ni karibu sehemu moja kwa kumi. Lakini ukisha kuvaa koti, kichwa wazi ni mlango uliobaki.

Likizo iliyopita mwenzangu alipanda na kofia ya pamba. Mvua ilimupiga, na jioni alitetemeka mpaka maneno yakamupotea. Tulimuvua nguo mbichi, tukamupa kavu na kofia yangu ya lene. Akapona.

Sababu ni hii: pamba inakunywa maji na kukaa baridi. Lene, hata ikilowa, inashika joto kidogo. Sokoni omba uzi mmoja, uuchome. Ukinuka kama nywele, ni lene. Ukinuka kama karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka, ni wa kiwanda: mwepesi, unakauka upesi, unafaa pia. Chagua kofia inayofunika masikio.

Wakati wa kupanda usiivae, jasho litailowesha. Iweke ndani ya sashé. Uivae ukipumzika, na ulale nayo.

Kofia haina uzito, ndugu. Mzito ni mwenzako ukimubeba.