Mradi wa siku 9: choo kipya katika lupango



Watu wengi wanafikiri kuongoza mradi ni kazi ya mainjinia peke yao. Hapana. Mradi ni kazi yoyote yenye mwanzo na mwisho, inayoomba feza, watu na siku, na ambayo hatuifanyi kila siku. Kupakia mawe kila asubuhi si mradi. Kuchimba choo kipya katika lupango ni mradi, tena ni mradi unaoweza kuua mtu. Basi tujifunze kwa choo hicho.

Mbele ya kushika jembe, chukua kaye na kalamu. Andika kwanza mwisho wa kazi, yaani kitu gani kitakuwapo siku ya kumaliza. «Nataka choo kizuri» haitoshi, kwa sababu hakuna anayeweza kuipima. Andika hivi: choo cha watu 8, cha kutumika miaka 5. Sasa hesabu inawezekana. Uchafu wa mtu mmoja unajaza karibu meta za ujazo 0,06 kwa mwaka. Watu 8 kwa miaka 5 wanafanya 2,4. Shimo la duara lenye upana wa meta 1,10 na urefu wa meta 3 kwenda chini linatosha, na karibu nusu meta inabaki wazi juu. Tunasema duara, kwa sababu kuta za duara zinashikamana kuliko za pembe nne.

Kisha tafuta fasi. Choo kikae meta 30 kutoka kisima chochote, chako na cha jirani, na chini ya shimo kubaki meta 2 mbele ya kufikia maji. Kwa hiyo zungumza na jirani leo, si siku ambayo udongo umekwisha kumwagwa kwenye mpaka wake. Kazi nyingi zinasimama kwa sababu ya mtu ambaye hakuulizwa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wanaoanza wanakosa zaidi: kazi gani itangulie? Andika kila kazi na siku zake. Kuchimba kwa watu wawili, pamoja na kujenga duara la matofali mdomoni mwa shimo: siku 4. Kumwaga kifuniko cha beto: siku 1. Kukimwagilia maji ili kikomae: siku 7. Kukiweka: siku 1.

Mtu mwenye haraka anaanza na shimo, kwa sababu shimo linaonekana. Anachimba Jumatatu hadi Alhamisi, anamwaga beto Ijumaa, kisha anangoja siku 7. Anafunika Jumamosi ya juma la pili, siku ya 13. Siku zote hizo shimo la meta 3 liko wazi katika lupango wanamocheza watoto, na usiku watu wanapita pale bila taa.

Mtu mwenye kaye anamwaga beto Jumatatu ya kwanza. Beto ikiwa inakomaa chini ya magunia mabichi, yeye hagusi udongo. Anaanza kuchimba Alhamisi, anaendelea Ijumaa na Jumamosi, anapumzika Jumapili, anamaliza Jumatatu. Jumanne, siku ya 9, anafunika. Mafundi ni wale wale, sima ni ile ile. Siku 4 zimepungua, na shimo limekaa wazi chini ya juma moja. Hata siku hizo anazungusha miti na anaweka mbao juu kila jioni.

Kuna werevu waliotumia akili hii kwa kazi kubwa. Henry Gantt, injinia wa Marekani aliyekufa 1919, alizoeza viwanda kuchora kila kazi kama mstari juu ya karatasi ya siku. Mwaka 1957, katika kampuni ya Du Pont, walianza kuhesabu ni mfululizo gani wa kazi unaoshika mradi wote. Kwetu, mfululizo huo ni beto: ikichelewa siku moja, choo kizima kinachelewa siku moja.

Kwa kila kazi, andika jina la mtu mmoja. Kazi iliyoandikwa «sisi wote» haina mwenyewe. Mama akikubali kuwa shefu wa beto, yeye ndiye anayemwagilia asubuhi na jioni, na hakuna anayemwondolea magunia. Kifuniko cha upana wa meta 1,50 na unene wa sentimeta 8, chenye vyuma ndani, kinakula karibu mfuko mmoja wa sima wa kilo 50. Nunua 2, kwa sababu ya duara la matofali. Ongeza akiba kidogo ya feza. Bei hupanda bila kuuliza mtu.

Katika kaye hiyo hiyo, ukurasa wa hatari. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi: ikianguka, mtu hawezi kupumua. Weka udongo mbali meta 1 na mdomo. Udongo ukiwa wa mchanga, jenga matofali hadi chini, na siku zake uziandike. Usichimbe wakati wa mvua. Asishuke mtu asipokuwapo mwenzake juu, na kamba imefungwa mwilini mwa aliye chini. Akilegea au akianguka kwa hewa mbaya, vuta kamba, ita watu, usimfuate. Watu wa mgodi wanajua: anayeshuka kuokoa anakuwa maiti ya pili.

Kila jioni linganisha kaye na shimo. Ukikuta jiwe siku ya pili, badilisha tarehe na uwaambie wote, usiwaongezee wachimbaji saa za usiku.

Siku ya 9 ikifika, bado mistari mitatu ya mwisho: lipa mafundi, rudisha kamba ya jirani, na ujaze udongo katika choo cha zamani siku ile ile unayofungua kipya.