Somo, Kaulimbiu na Wimbo: Historia na Mapokeo ya Shule ya Upili ya Kikatoliki katika Eneo la Kitale na Bungoma

Utangulizi

Kila shule ya upili ina historia mbili. Ya kwanza imo katika maandishi: mwaka wa kuanzishwa, orodha ya walimu wakuu, idadi ya madarasa na matokeo ya mitihani. Ya pili imo vinywani mwa watu: lakabu ya shule, wimbo unaoimbwa timu inapotoka uwanjani, maneno anayopokewa nayo mgeni wa kidato cha kwanza, na kisa kinachosimuliwa bwenini taa zikishazimwa. Historia ya kwanza huhifadhiwa ofisini. Ya pili hutoka malangoni kila mwaka pamoja na wanafunzi wanaohitimu.

Makala haya yanazichunguza historia hizo mbili kwa kurejelea shule za Kikatoliki za eneo la Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Hoja yake ni kwamba tangu mwaka 1968 ukatoliki wa shule hizi umetegemea mapokeo kuliko umiliki. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mapokeo hayo ni mali ya mdomo, kuyahifadhi ni kazi inayomhusu mwanafunzi wa fasihi simulizi moja kwa moja.

Miji Miwili, Njia Mbili

Kitale na Bungoma ni miji jirani. Hata hivyo, elimu ya Kikatoliki iliifikia kwa njia tofauti na kwa nyakati tofauti.

Bungoma ilifikiwa kutoka upande wa Uganda. Wamisionari wa Mill Hill walifika Buganda mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, kisha wakaenea mashariki hadi Kisumu na Mumias mwanzoni mwa karne ya ishirini. Prefektura ya Kitume ya Kavirondo iliundwa mwaka 1925, na mwaka 1932 ikawa Vikariati ya Kisumu. Bungoma ilikuwa ardhi iliyotengewa Waafrika, kwa hivyo misheni ilipojengwa, kama ile ya Kibabii, ilikuwa katikati ya watu wenyewe. Kanisa, shule na zahanati vilikwenda pamoja. Ushindani wa madhehebu nao ulichochea ujenzi wa shule: Waquaker walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902, na mwaka 1957 wakaanzisha shule ya Kamusinga huko huko Bungoma.

Si wote waliopokea misheni kwa mikono miwili. Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, iliwataka Wabukusu warejelee ibada za wahenga wao na ikapinga utawala wa Wazungu pamoja na wamisionari wao. Mnamo Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi na kuwaua baadhi yao. Msomaji wa historia ya shule za misheni asilisahau tukio hilo, kwani linaonyesha kwamba mapokeo ya shule yalipandwa katika udongo uliokuwa tayari na mapokeo mengine.

Hali ya Kitale ilikuwa tofauti. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya Trans Nzoia ilitolewa kwa walowezi wa Kizungu, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mwafrika aliishi huko kama kibarua au skwota, na hakuwa na ardhi ambayo juu yake jamii yake ingejenga shule kubwa. Upande wa Kanisa, Prefektura ya Kitume ya Eldoret iliundwa mwaka 1953 na kukabidhiwa Shirika la Mtakatifu Patrisi, maarufu kama Kiltegan, lililoanzishwa Ireland mwaka 1932. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalipogawanywa, Trans Nzoia ilivuta watu wa makabila mengi: Wabukusu, Wasabaot, Wakikuyu, Wakisii, Wapokot, Waturkana na wengineo. Shule ya Kikatoliki ya Kitale ilikua katika mchanganyiko huo. Jimbo la Bungoma lilianzishwa mwaka 1987 na la Kitale mwaka 1998, Maurice Crowley, Mkiltegan mzaliwa wa Ireland, akiwa askofu wake wa kwanza.

Tofauti hii ina maana kwa mtafiti wa lugha. Huko Bungoma mwanafunzi na mwalimu wangeweza kuelewana kwa Lubukusu. Kitale ilihitaji lugha ya kuwakutanisha watu, na Kiswahili kikaifanya kazi hiyo.

Sheria ya 1968 na Maana ya Mdhamini

Kabla ya uhuru, kanisa lilimiliki shule, likaajiri walimu na kuamua mwanafunzi wa kupokewa. Hali hiyo ilibadilika kwa hatua mbili. Tume ya Kuajiri Walimu iliundwa mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikaziweka shule hizo chini ya usimamizi wa serikali. Kanisa likabaki kuwa mdhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imedumisha nafasi hiyo: mdhamini ana wawakilishi katika bodi ya shule na ana jukumu la kulea maisha ya kiroho, mradi imani ya wanafunzi wa dini na madhehebu mengine iheshimiwe.

Athari zake ni kubwa. Mwalimu wa shule ya Kikatoliki aweza kuwa Mwislamu, Mquaker au Mwanglikana, na mwanafunzi vilevile. Mtaala ni wa taifa na mtihani ni wa taifa. Basi ni nini kinachoitofautisha shule hii na ile ya jirani? Jibu limo katika mambo yanayoonekana madogo: jina la mtakatifu langoni, sala ya asubuhi gwarideni, kwaya ya Jumapili, sikukuu ya somo wa shule, na kaulimbiu iliyoshonwa kwenye mfuko wa sweta. Hayo ndiyo mapokeo, na ndiyo yaliyobeba kile ambacho hati za umiliki haziwezi tena kukibeba.

Somo wa Shule

Neno "somo" linafaa kutazamwa kwa makini. Ni kitu kinachofundishwa. Pia ni mtu mnayeshiriki jina. Na kwa Wakatoliki ni mtakatifu ambaye mtu au taasisi imepewa jina lake. Shule yenye somo, kwa hivyo, imepewa mwenzi wa jina na funzo la kuishi kwa wakati mmoja.

Majina hayo ni kumbukumbu fupi za historia. Ni vigumu kulisikia jina la Mtakatifu Brigida, somo wa shule ya wasichana ya Kiminini karibu na Kitale, bila kukumbuka Ireland, maana Brigida wa Kildare ni miongoni mwa watakatifu wakuu wa nchi hiyo. Sesilia, ambaye jina lake linatumiwa na shule ya wasichana ya Misikhu, ni msimamizi wa wanamuziki. Monika, aliyepewa shule ya wasichana ya Kitale, ni mama Mwafrika wa Kaskazini aliyemlilia mwanawe Agostino miaka mingi hadi akaongoka. Baadaye likaja jina la nyumbani. Maurice Otunga, aliyezaliwa Chebukwa, Bungoma, mwaka 1923 akiwa mwana wa chifu, alifanywa kardinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973 na kufariki mwaka 2003. Shule ya wasichana ya Bungoma yenye jina lake inaonyesha kwamba eneo lililopokea masomo kutoka ng'ambo limepata somo wake lenyewe.

Sikukuu za masomo hawa hukutana na kalenda ya shule kwa namna mbalimbali. Ile ya Brigida, tarehe 1 Februari, huangukia mwanzoni mwa mwaka, wakati wageni bado wanajifunza njia za shule. Ya Antonio wa Padua, tarehe 13 Juni, huja katika muhula wa pili, msimu wa kandanda. Ya Sesilia, tarehe 22 Novemba, huwakuta watahiniwa katika mtihani wa kitaifa.

Kaulimbiu kama Utungo

Otunga hakuweza kupata masomo yake yote nyumbani. Kijana Mkatoliki wa Bungoma wa nyakati zake aliyetaka elimu ya upili alisafiri mbali, naye alifika katika shule iliyoanzishwa na Padri Michael Witte huko Kabaa mwaka 1925 na kuhamishiwa Mang'u mwaka 1940. Kaulimbiu ya Mang'u ni ya Kiswahili: "Jishinde Ushinde". Katika enzi ambapo shule za wamisionari zilipenda Kilatini na Kiingereza, uteuzi huo unastahili kuchambuliwa kama utungo.

Kaulimbiu hii ina maneno mawili yenye mzizi mmoja. Katika neno la kwanza, kiambishi "ji" kinamfanya mtenda kuwa mtendwa: anayeshinda na anayeshindwa ni mtu yule yule. Katika la pili yambwa imeondolewa. Mwanafunzi anaambiwa ashinde, lakini haambiwi amshinde nani. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo siri ya utungo huu, kwani kila kizazi huijaza kwa vita vyake. Muundo wa sehemu mbili, sharti na tokeo, ni ule ule unaopatikana katika methali nyingi. Funzo lake ni la kitawa, lakini umbo lake ni la Kiswahili kabisa, na huenda ndiyo sababu linakumbukwa kwa urahisi.

Lakabu na Wimbo wa Uwanjani

Mapokeo hayatungwi na wakubwa pekee. Shule ya Mtakatifu Antonio ya Kitale inajulikana kote nchini kwa kandanda na magongo, na mashabiki huiita "Solidarity", yaani mshikamano, neno ambalo pia ni nguzo ya mafundisho ya jamii ya Kanisa. Wapinzani wao wa Kakamega huitwa "Green Commandos" na wale wa Musingu "Scorpions". Lakabu hizi ni majigambo yaliyofupishwa. Zikiwekwa pamoja, zinaonyesha jinsi vijana wanavyojitazama: kama kikosi, kama mdudu mwenye sumu, au kama watu walioshikana.

Lakabu hizo ni za Kiingereza, lakini nyimbo za mashabiki huchanganya Kiswahili, Sheng na lugha za kwao. Kiongozi huanzisha, umati hujibu, na mchezaji aliyefunga bao huingizwa katika wimbo papo hapo. Huo ni utendaji wenye sifa zote ambazo mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa darasani: fanani, hadhira, muktadha na ubunifu wa papo kwa hapo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika shule nyingi za Kenya lugha zilizobeba utungo huu ziliwahi kuadhibiwa. Aliyenaswa akizungumza lugha ya mama, na pengine hata Kiswahili siku isiyokuwa yake, alivishwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake. Kiswahili kilipata nafasi ya lazima katika mtihani kupitia mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Kanisani mlango ulikuwa umefunguliwa mapema zaidi: Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za watu katika liturujia mwaka 1963, na kwaya za shule zikaanza kuimba misa kwa Kiswahili, nyingi ya nyimbo hizo zikiwa zimetungwa Tanzania. Basi wapo wanafunzi waliokatazwa Kiswahili Jumatatu baada ya kukiimba altareni Jumapili.

Mapokeo ya Kuacha na ya Kushika

Si kila cha zamani kinafaa kuenziwa. Kumtesa "mono", yaani mgeni wa kidato cha kwanza, kulihesabiwa kuwa jando la shule. Viboko navyo vilionekana kuwa malezi hadi vilipopigwa marufuku mwaka 2001. Mapokeo hayo yarekodiwe ili yaeleweke, lakini yasirithiwe.

Yapo mengine yanayostahili kushikwa, na kipimo chake kipo karibu. Kipsongo ni mtaa wa makazi duni mjini Kitale, na wengi wa wakazi wake wana asili ya Turkana. Desturi ya kale ya Wakatoliki iitwayo "mkate wa Mtakatifu Antonio" ni sadaka kwa maskini, na mshikamano ni neno lisilo na maana likiishia uwanjani. Tangu mwaka 2008 serikali imegharimia karo ya masomo katika shule za kutwa, ingawa sare, chakula na ada nyinginezo bado ni mlima kwa mzazi wa Kipsongo. Uhai wa mapokeo ya shule yoyote yenye jina la mtakatifu katika eneo hili utapimwa kwa nafasi anayopata mtoto huyo.

Hitimisho

Shule ya Mtakatifu Patrisi ya Iten, iliyoanzishwa mwaka 1961, ina desturi ya kupanda miti kwa heshima ya wanariadha wake waliong'ara duniani, miongoni mwao Peter Rono, mshindi wa mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mkimbiaji ana mti na kibao chenye jina lake. Mtunzi wa wimbo wa uwanjani hana chochote.

Muda wa kurekebisha hali hiyo unapungua. Mapokeo yamekuwa yakipitishwa kutoka kidato cha nne hadi cha kwanza kwa mzunguko wa miaka minne, na mtaala wa umilisi unaleta ngazi ya juu ya miaka mitatu. Wazee waliosoma katika shule za misheni kabla ya 1968 nao wanapungua. Wanafunzi wa Kiswahili watokao Kitale na Bungoma wanaweza kuanza likizo hii hii: kuandika lakabu za shule walizosoma na asili yake, kurekodi nyimbo pamoja na mwaka, mahali na lugha zilizotumika, na kuwahoji babu na nyanya waliovaa kibao shingoni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali ipo, kilichosalia ni daftari.