Siku za kichanga wodini huanzia tumboni

Uji wa pilipili manga ushapikwa, chumba kishafukizwa udi, na kila baada ya sala simu inalia: "Bado hamjapewa ruhusa?"

Mzazi na kichanga wasio na tatizo, Shirika la Afya Duniani linataka wabaki kituoni angalau saa 24. Lakini wapo wanaokaa wiki nzima au zaidi Mnazi Mmoja, hospitali inayopokea uzazi mgumu kutoka pande zote za Unguja. Mara nyingi sababu ilianza miezi kadhaa nyuma, mwilini mwa mama.

Chukua presha ya mimba. Kondo la nyuma hupata damu kidogo, mtoto hakui vizuri, na hali ikizidi huelekea kwenye kifafa cha mimba. Tiba yake hasa ni kumzalisha mama, hata kama miezi haijatimia. Hapo ndipo anapopatikana njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja ni kazi ambayo mtoto haiwezi vyema mpaka afike wiki ya 34 hivi. Basi mama hukamua maziwa, nayo yakapitishwa kidogo kidogo kwenye mpira mwembamba unaoingia puani au mdomoni. Kila anapopimwa, macho ya mama yako kwenye mizani. Gramu 20 zikiongezeka, hiyo ndiyo habari ya kutwa.

Mama mwenye kisukari humpa mtoto sukari nyingi tumboni. Kitovu kikikatwa, sukari ya kichanga hushuka ghafla na inabidi ipimwe mara kwa mara. Chupa ikipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kuzaa, hofu ni vijidudu, na mtoto akiugua dawa za sindano huweza kufika siku saba. Upungufu wa damu nao huongeza hatari ya kuzaa mtoto mdogo. Hakuna hata moja kati ya haya linalomfanya mama astahili lawama, na naomba mawifi na wakwe walisikie hilo.

Mengi huonekana mapema kliniki. Katika utafiti uliofanywa Unguja kuanzia 2009, wajawazito 2,550 walishiriki. Kwenye vituo ambako walitumiwa ujumbe wa simu na vocha ya kumpigia mkunga, asilimia 44 walihudhuria mara nne au zaidi. Kwingine ni asilimia 31 tu.

Kwa njiti aliyekwisha kuzaliwa, kifua cha mama ni tiba. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliotolewa 2021 ulionesha kwamba kumbeba ngozi kwa ngozi tangu mwanzo, bila kusubiri hali yake itulie, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Mama akichoka, bibi au baba anaweza kumpokea, akamlaza kifuani, akamfunga kwa kanga.