CHANDARUA CHAKO KILITOKA WAPI?

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe, nami sioni haya kulieleza kwa kuwa shule nzima inalijua.

Muhula uliopita bweni letu lilijiandaa kucheza mpira na bweni la jirani, na magoli hayakuwa na nyavu. Nilitoa chandarua changu, rafiki yangu akatoa chake, tukafumua mishono na kuvifunga kwenye milingoti. Tulishinda mabao mawili kwa moja. Usiku mwalimu wa zamu alipita mabwenini akaona vitanda viwili havina kitu juu yake. Adhabu ya kwanza ilikuwa kufyeka nyasi nyuma ya jiko siku tatu. Adhabu ya pili ilikuwa swali: nikirudi kutoka likizo nimweleze chandarua kile kilitoka wapi hata kikafika juu ya kitanda changu.

Nilidhani jibu ni fupi, kwamba kilitoka dukani. Lakini nilipofika nyumbani, Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero, nikamwuliza babu, alicheka sana akasema, "Mjukuu wangu, umemwuliza mtu mwenyewe. Mimi niliuza vyandarua kabla mama yako hajaolewa." Tulikaa barazani mpaka taa ikaisha mafuta.

Kwanza yafaa nieleze bonde letu. Bonde la Kilombero lina maji mengi, na watu wake hulima mpunga. Palipo na maji yaliyotuama na mpunga, mbu hawakosi. Kwa hiyo watu wa bondeni walijua vyandarua tangu zamani, ila walivitundika ili wapate usingizi tu, maana kelele za mbu na kuumwa kwake ni adha. Wengi hawakuvihesabu kuwa kinga ya homa. Watafiti walipohesabu mwaka 1997 walikuta watoto 58 katika kila 100 walio chini ya miaka 2 wana chandarua nyumbani, lakini wenye vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu walikuwa 10 tu katika 100. Chandarua kisicho na dawa kikitoboka, mbu huingia. Na hata kikiwa kizima, mtoto akiegemeza mkono, mbu humwuma kwa nje.

Watafiti hao ni wa Taasisi ya Afya Ifakara. Habari yake ilianza mwaka 1949, wakati profesa mmoja wa Uswisi, Rudolf Geigy wa mji wa Basel, alipofika Ifakara akichunguza wadudu waletao maradhi, kama papasi na mbung'o. Mwaka 1957 ikajengwa maabara ndogo karibu na hospitali ya misheni. Mwaka 1996 maabara hiyo iliandikishwa kuwa shirika la dhamana la Kitanzania, yaani mali isiyo ya mtu mmoja bali iliyowekwa kwa manufaa ya watu, na tangu 2008 imechukua jina ililo nalo sasa.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka 1997 Taasisi hiyo, pamoja na wenzake wa Uswisi na wakuu wa wilaya za Kilombero na Ulanga, ilianza mpango wa kueneza vyandarua vyenye dawa. Wangeweza kununua shehena ya vyandarua, wakaja na lori, wakagawa, wakaondoka. Hawakufanya hivyo. Walijua kuwa watafiti wachache hawawezi kuingia katika kila nyumba ya wilaya mbili zenye karibu watu nusu milioni, ambako wakati huo daraja la Kilombero halikuwapo na kila kitu kilivushwa kwa pantoni. Basi wakatafuta watu ambao tayari walikuwa wanaingia katika nyumba hizo.

Babu alikuwa na duka la chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya taa. Anasema walikuja kwanza kuuliza maswali tu: watu hulalaje, hununua nini, nani mwenye fedha ndani ya nyumba, na baada ya mavuno hubaki kiasi gani. Baadaye wakarudi, mkutano ukaitishwa na mwenyekiti wa kijiji, na mawakala wakachaguliwa. Katika vijiji vingine wakala alikuwa mwenye duka kama babu, pengine mganga wa zahanati, pengine kiongozi wa kijiji au wa dini. Chandarua kiliitwa "Zuia Mbu", na dawa ya kuchovyea iliitwa hivyo hivyo. Bei yake dukani ilikuwa shilingi 3,000. Babu alibakiwa na faida kidogo katika kila kimoja, naye hakunificha kuwa ndiyo iliyomfanya avisifu kwa kila mteja aliyekuja kununua kiberiti.

Hapo nilishangaa, maana nilidhani kazi ya afya ni ya huruma tu. Lakini nikifikiri naona kuwa kila mshirika alikuwa na lake. Mwenye duka alipata faida yake. Muuguzi wa kliniki alipunguziwa msongamano wa watoto wenye homa. Padri na shehe walipunguziwa mazishi. Taasisi ilipata hesabu zake. Ushirikiano wa namna hii haukumtaka mtu awe malaika, na nadhani ndiyo sababu ulidumu.

Walikuwapo pia wasioweza kulipa shilingi 3,000, na hasa mama wajawazito na wenye watoto wachanga, ambao malaria huwadhuru kuliko watu wengine. Hao walipokwenda kliniki walipewa hati. Mama aliipeleka hati kwa wakala, akapunguziwa bei, na wakala akairudisha hati kwa wenye mpango akalipwa tofauti. Babu alizihifadhi hati hizo katika kopo la majani ya chai, pamoja na fedha, maana kwake zilikuwa fedha. Kliniki na duka, ambavyo zamani havikuwa na habari ya kuambiana, vikaunganishwa na kipande cha karatasi. Mwaka 2004 Serikali ilichukua mfano kama huo ikaanza kuueneza nchini kwa jina la Hati Punguzo, nao uliendelea hadi 2014.

Bibi alikuwa akichambua mchele huku akisikiliza. Yeye alizaa watoto saba, na waliokua ni wanne. Wawili kati ya wale watatu walikufa kwa degedege. Wakati huo kwetu watu wengi waliamini kuwa degedege si ugonjwa wa hospitali, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa papo hapo. Kwa hiyo alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, na alipofikishwa zahanati mwili ulikuwa umekwisha kupoa. Leo twajua kuwa degedege mara nyingi huletwa na malaria kali. Bibi hakulaumu mtu. Alisema tu, "Hao watatu hawamo katika daftari la mtu yeyote."

Neno hilo lilinifanya nielewe kazi nyingine ya Taasisi, ambayo mwanzoni niliiona ya upuuzi. Tangu mwishoni mwa mwaka 1996 walipanga kuhesabu watu wote katika vijiji 25 vya bonde. Kila baada ya miezi minne mtu mwenye daftari alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Nikiwa mdogo niliposikia habari zao niliwacheka kwamba wanalipwa kwa kuuliza majina. Kumbe bila daftari hilo hakuna awezaye kusema kama chandarua kimeokoa mtoto au hakikuokoa, kwa sababu mtoto ambaye hakufa hana dalili ya kuonyesha.

Na daftari lilisema. Katika muda wa miaka miwili hivi, watoto wa chini ya miaka 2 wenye vyandarua vyenye dawa walitoka 10 wakafika 61 katika kila 100, na upungufu wa damu miongoni mwao ukashuka. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa katika majarida ya uganga ya Uingereza: kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai kwa kiasi cha 27 kwa mia. Habari hiyo ilisomwa na waganga wa nchi nyingi, na sehemu yake ilitoka katika kopo la chai la babu na makopo mengine kama lile.

Nisieleze mema tu. Dawa ya kwanza ilikuwa inaisha nguvu, ikabidi chandarua kichovywe tena katika beseni kila baada ya miezi kadhaa. Watu walinunua chandarua kwa hamu, lakini kurudi kununua dawa wakaona uvivu. Wengine walisema dawa ina sumu, wengine walisema inaharibu uzazi. Babu alipiga kelele mpaka akachoka. Jambo hilo lilipungua vilipokuja vyandarua ambavyo dawa yake imeshikamana na uzi wenyewe, ambavyo tangu 2003 vinatengenezwa hata kwetu Tanzania, kiwandani Arusha.

Kisha ukaja ugawaji wa bure, kwa watoto wadogo kwanza na kwa nyumba zote baadaye, kati ya 2009 na 2011. Biashara ya babu ikafa. Na tangu 2013 Serikali ilianza kugawa vyandarua kupitia shule za msingi, kwa kuanzia na mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Babu anasema kitu cha bure hakiheshimiwi, na aliponiambia hivyo alinitazama kwa makusudi, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kumwambia habari za goli. Sikuwa na la kujibu juu ya goli. Lakini katika jambo hili sikubaliani naye, nikamwambia kwa adabu. Pembeni mwa nyumba yetu anaishi mama mmoja mjane ambaye hata kwa hati hakuweza kufikisha bei ya duka. Alipata chandarua chake cha kwanza siku kilipogawiwa bure. Babu alinyamaza kidogo, akasema, "Huyo kweli."

Liko jambo moja bado. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi, kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, wakilala katika dungu lisilo na ukuta wa maana. Chandarua hubaki nyumbani kijijini au huwa ni kimoja kwa watu watano. Tena mbu wenyewe wamebadilika. Aina moja iitwayo Anopheles funestus, ambayo sasa ndiyo yenye kueneza malaria zaidi bondeni kwetu, imezoea dawa za zamani. Kwa ajili hiyo wataalamu wa Ifakara hufuga mbu katika nyumba kubwa za wavu katika kijiji cha Kining'ina, wapate kuwajaribu bila kuwaachia watu, na viko vyandarua vipya vinavyotiwa dawa mbili badala ya moja.

Mimi nilirudi na chandarua kile kile. Bibi alikishona siku mbili, kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha, na sasa kimetundikwa juu ya kitanda changu. Mwalimu wa zamu amekiona.